Rekoda ya saifai ya nyumbani, Leicester: shajara ya mradi

Jumamosi, 4 Oktoba 2025: nataka nini hasa

Nataka kiboksi kidogo kikae nyuma ya tivii, kirekodi chenyewe saifai (zile hadithi za sayansi ya kubuni) yoyote inayorushwa bure hewani hapa Uingereza, kiipange kwa sizoni na episodi, alafu nikitoka shifti naikuta kwenye tivii ya sebuleni au kwenye simu nikiwa jikoni. Basi. Sitaki kulipia huduma nyingine tena ya kustrimu.

Maana huko kwenye kustrimu ndo nimechoka. Star Trek: Discovery huku nje ya Marekani ilikuwa Netflix, Novemba 2021 ikaondolewa siku chache tu kabla sizoni ya 4 haijaanza, watu wakabaki wanaangaliana. Westworld HBO waliitengeneza wenyewe na wenyewe wakaja kuitoa HBO Max Desemba 2022. Star Trek: Prodigy nayo Paramount+ waliifuta Juni 2023 wakati sizoni ya 2 iko jikoni bado, ikabidi ikapangishwe Netflix. Yaani unalipa kila mwezi na bado mwenye mali akiamka vibaya anaondoka na sirizi uko episodi ya sita. Kitu nilichorekodi hewani hakuna wa kunipokonya mpaka diski ife.

Na wala sio wazo jipya. Doctor Who imeanza 1963, BBC wakaja kufuta kanda zake kibao ili watumie tena kanda zenyewe, mpaka leo vipindi zaidi ya 90 havina picha. Lakini sauti zipo zote, kila kipindi, kwa sababu kuna vijana walikuwa wanaweka tepu rekoda mbele ya tivii siku ileile kinarushwa. Picha nyingine zilikutwa mbali kabisa, 2013 vilitangazwa vipindi 9 vilivyopatikana Jos, Nigeria, vimekaa kwenye kituo cha tivii huko. Kwa hiyo mtu akiniambia kurekodi ni mambo ya kizee namwambia sawa, wazee ndo waliookoa mali.

Sheria kwanza ili tusisumbuane. Leseni ya tivii mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, unaihitaji kama unaangalia au unarekodi chochote kinachorushwa muda huohuo, chaneli yoyote ile, na pia kwa iPlayer, ile huduma ya BBC ya kuangalia mtandaoni. Sheria ya hakimiliki ya 1988, kifungu cha 70, inaruhusu kurekodi nyumbani ili uangalie muda mwingine unaokufaa, kwa matumizi yako mwenyewe. Basi mradi huu ni wa hewani tu, hakuna kuvunja kufuli za Netflix wala kunasa picha kwenye waya wa HDMI, anayetaka hayo akatafute shajara nyingine.

Nilichojaribu kabla ya yote: tivii yangu ina tundu la USB la kurekodia. Ukichomeka diski inaiformati upya, inarekodi vizuri tu, ila mafaili yamefungwa na ufunguo wa tivii ileile. Ukiipeleka kwenye laptopu unaona takataka. Tivii ikifa na rekodi zimekufa nayo. Tivii nyingi ziko hivo, usinunue diski kwa ajili ya hiyo kazi.

Vifaa nilivyoagiza: Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya saizi ya kiganja, iliyotumika, pauni 35, na Raspberry Pi TV HAT pauni 20, kile kikadi chenye tyuna (kipokea mawimbi ya tivii) kinachokaa juu ya Pi, kinapokea DVB-T na DVB-T2, mifumo ya tivii ya dijitali ya hewani. Walioko nyumbani mkumbuke Tanzania na Kenya dijitali yetu ni DVB-T2 vilevile, kwa hiyo mengi humu mnaweza kuyaiga, ila chaneli zilizofungwa kwa kadi ya king'amuzi hazifunguki, ni za bure peke yake.

Matumizi mpaka hapa: pauni 55, leseni siihesabu maana ilikuwepo.

Jumapili, 12 Oktoba: antena imekula wiki

Nilidhani hapa ni kuchomeka tu na kusonga mbele. Wapi.

Nyumba ina antena ya zamani darini, haijulikani ya lini, waya umeteremka mpaka sebuleni. Pi ikasaka chaneli, ikapata robo ya zinazotakiwa, na hizo zenyewe picha inakatika vipande vipande. Nikanunua busta ya pauni 12, ile ndogo unachomeka nyuma ya tivii. Nguvu ya mawimbi ikapanda vizuri sana, nikafurahi, picha ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Anayeiga hapa asikimbie. Kuna namba mbili, nguvu na ubora. Busta inakuza kila inachopewa, na makelele yamo humohumo, tena ukiiweka mwisho wa waya ndo inakuza na uchafu wote ulioingia njiani. Wewe angalia ubora, na angalia hesabu ya bloku zilizoharibika zisizorekebishika, Tvheadend, programu ya kurekodia inayokaa kwenye Pi, inakuonyesha kwenye ukurasa wa hali ya tyuna. Ikiwa inapanda kila dakika hata nguvu iwe asilimia mia hufiki popote.

Shida yenyewe nikaja kuiona nikiwa nimelala darini na tochi. Leicester tunapata mawimbi kutoka mnara wa Waltham. Enzi za analojia chaneli kuu nne za Waltham zilikuwa juu, kati ya 54 na 64, kwa hiyo mafundi walikuwa wanafunga antena za kundi la C/D ambazo zinasikia huko juu tu. Alafu masafa ya 700 MHz wakapewa watu wa simu, kazi ya kuhamisha ikaisha 2020, sasa tivii yote ya hapa iko chaneli 21 mpaka 48. Antena yangu inasikiliza mahali ambapo hakuna tena mtu anayeongea tivii, ni simu tupu! Na ile busta ilikuwa inanikuzia simu za watu.

Dawa: antena mpya ya log-periodic, pauni 28, inabeba 21 mpaka 48 na haichukui za juu. Waya nao nikabadilisha, ule mweusi mzito wenye nyavu ya shaba na karatasi ya shaba, pauni 11 pamoja na plagi. Nikaielekeza kaskazini mashariki, vijiti vimelala. Mwenye nyumba hataki kitu juu ya paa kwa hiyo imebaki darini, vigae vinakula mawimbi kidogo lakini ubora umetulia na zile bloku mbovu zimesimama sifuri jioni nzima. Busta imerudi kwenye boksi lake, nani anaitaka?

Matumizi: pauni 51, humo 12 zimepotea.

Jumapili, 19 Oktoba: Tvheadend inarekodi

Hatua za kawaida nazipitisha haraka: Raspberry Pi OS bila desktopu, kikadi kinatambulika chenyewe, Tvheadend unaiingiza, unafungua kwenye brauza anwani ya Pi, port namba 9981, unachagua mnara wako kwenye orodha, inasaka, unapanga chaneli. Mwongozo wa vipindi washa moduli ya Uingereza ya Freeview (ndo tivii ya bure ya hewani ya hapa) inayosoma hewani, kwa sababu kwenye HD maandishi ya mwongozo yamebanwa kwa namna yao na moduli ya kawaida inakuletea herufi za ajabu.

Cha kujua kuhusu tyuna moja: chaneli zinasafiri kwa mafurushi, furushi moja ni masafa mamoja lina chaneli nyingi ndani. Tyuna moja inashika furushi moja kwa wakati, lakini ndani ya hilo furushi unaweza kurekodi chaneli hata nne kwa mpigo. Nikadhani hiyo inatosha, siku ya pili tu vipindi viwili ninavyovitaka vikagongana saa tatu usiku kwenye mafurushi tofauti. Kabla hujakimbilia tyuna ya pili angalia mambo mawili, chaneli nyingi zina pacha wake wa kuchelewa saa moja, na sirizi za zamani zinarudiwa usiku wa manane au asubuhi. Nikaweka kanuni ya kurekodi isibane saa, ishike jina tu, Tvheadend yenyewe ikikosa ya jioni inachukua ya marudio. Ugomvi umekwisha bure.

Ziada ya muda: dakika 2 mbele, dakika 10 nyuma. Mpira ukichelewa kila kitu baada yake kinasogea. Kwa BBC One mimi naweka 15.

Chaneli ya kuwinda saifai za zamani hapa ni Legend, ile iliyokuwa inaitwa Horror Channel mpaka 2022. Picha zake ni SD, ubora wa kawaida, zimebanwa kwa MPEG-2 ya zamani, haifikii HD ya BBC hata kidogo, ila Star Trek ya kwanza imepigwa miaka ya 1966 mpaka 1969 na mimi sina shida na hilo.

Jumapili, 26 Oktoba: umeme, diski, na faili lililokatika

Leo saa zimerudishwa nyuma, nilikuwa natega masikio kama kanuni zitachanganyikiwa, hazikuchanganyikiwa. Matatizo yalikuja upande mwingine.

La kwanza. Nilikuwa nawasha Pi kwa chaja ya simu. Peke yake inaenda. Nikachomeka diski ya nje isiyo na umeme wake, kila rekodi ya pili inapoanza diski inapotea, inarudi, inapotea, na faili lina mashimo. Kwenye logi kuna neno la umeme mdogo. Chaja ya simu inasema ni ya kasi lakini hiyo kasi ni kwa simu inayojua kuomba volti nyingine, Pi inataka volti 5 zilizotulia kabisa na ampea 3. Nikanunua chaja rasmi ya Pi, pauni 8. Afadhali, ila bado diski ikiamka inayumba, maana tundu zote za USB za Pi 4 kwa pamoja zinatoa ampea 1.2 tu. Dawa ya kudumu ni diski yenye adapta yake ya ukutani. Hiyo ndo imekula hela, pauni 85 kwa terabaiti 4.

La pili. Diski niliiformati haraka haraka kwa FAT32, mpangilio wa mafaili unaosomeka kokote. Filamu ya saa mbili na nusu kwenye HD ikakatika katikati ya pambano. FAT32 haikubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Nikafuta, nikaweka ext4, mpangilio wa Linux usio na kikomo hicho, nikaanza upya. Usirekodi kwenye memori kadi ya Pi pia, kuandika kutwa kucha kunaiua kadi, hapo weka mfumo tu.

Ukubwa kwa mwenye kupiga hesabu: SD saa moja kwangu inacheza kwenye gigabaiti 1 na kidogo, HD mbili mpaka tatu. Star Trek ya kwanza ina vipindi 79, kwa SD yote inaenea kwenye diski na nafasi inabaki ya kumwaga.

Matumizi: pauni 93.

Jumapili, 2 Novemba: majina ya episodi, hapa ndo kazi ilipo

Kama kuna sehemu moja ya kusoma kwa makini ni hii. Kurekodi mashine inafanya. Lakini ukiwa na mafaili arobaini yote yanaitwa Star Trek na tarehe, huna maktaba, una stoo.

Jellyfin ndo naitumia kuonyesha, ni ya bure na haina akaunti ya mtu yoyote. Inataka jina la faili liwe na sizoni na episodi, S01E05, hapo inaleta picha na maelezo yenyewe. Mwongozo wa hewani hauna uwanja wa hizo namba, ila kwenye maelezo mara nyingi wanaandika "S2 Ep5" mwishoni. Tvheadend 4.3 ina seti ya kanuni za kuvuna hizo inaitwa uk, unaichagua kwenye moduli ya mwongozo. Matoleo ya 4.2 haina, nilipoteza jioni nzima natafuta kitufe ambacho hakipo. Ukishavuna, kwenye setingi za profaili ya kurekodi unaamuru jina la faili lijengwe na namba hizo.

Nikalala nimeridhika. Kesho yake nafungua Star Trek, picha na maelezo vinasema hiki, ndani kuna kingine. Kila kipindi cha sizoni ya 1 kimesogea kimoja! Nikachimba. The Cage, ile pailoti (episodi ya majaribio) ya kwanza ambayo haikurushwa kabisa wakati ule, kuna wanaoihesabu kama episodi ya kwanza na kuna wanaoiweka pembeni kama kipindi maalumu. Chaneli inahesabu hivi, hifadhidata inayotumiwa na Jellyfin inahesabu vile. Tena hata mpangilio wenyewe ni ugomvi wa miaka, The Man Trap ndo ilitangulia hewani tarehe 8 Septemba 1966, wakati Where No Man Has Gone Before iliyopigwa kabla yake ikarushwa ya tatu. Saifai imejaa hayo, Firefly mwaka 2002 Fox waliirusha shaghalabaghala kabisa, ya kwanza ikaja mwisho.

Kwa hiyo namba usiziamini, amini kichwa cha episodi. Vichwa viko kwenye maelezo kabla ya nukta mbili, havibadiliki chaneli kwa chaneli. Nikaandika skripti fupi ya Python inayochukua hicho kichwa, inakilinganisha na orodha niliyoisave, inampa faili namba sahihi. Kisichofanana kinaingia folda ya "angalia mwenyewe". Ulinganishaji uwe wa kusamehe kidogo, maana kuna alama za mshangao, koma, neno "The" lipo halipo. Usisamehe sana nako, vichwa viwili vya jina moja na "Part 1" na "Part 2" vilimezana.

Matangazo ya biashara: nimejaribu Comskip, programu ya kuyatambua. Inatafuta fremu nyeusi na kupotea kwa nembo ya chaneli. Sasa fikiria mwenyewe, fremu nyeusi, kwenye sirizi ambayo nusu yake ni chombo kinapita angani gizani. Ikanikatia vita nzima ikaniachia tangazo la sofa. Nimeibadilisha itegemee nembo zaidi ya weusi, na nimeizuia isikate kitu chochote, iweke alama tu za kurukia. Nabonyeza rimoti naruka. Ikikosea hakuna kilichopotea. Aliyekata mafaili moja kwa moja ili kubana nafasi atakuja kulia.

Mke wangu alipita akanikuta naangalia orodha ya vichwa kwenye laptopu saa saba usiku. "Baba, si ulisema unataka kuangalia?" Nikamwambia subiri kidogo. Hajasubiri, amelala.

Jumapili, 9 Novemba: Pi imeshindwa kazi moja

Tivii ya sebuleni inacheza mafaili yalivyo, safi. Simu ndo tatizo. Simu haitaki MPEG-2 yenye mistari ya kupishana, inaiomba seva igeuze papohapo, na Pi 4 ikaanza kuchemka, picha inaenda sekunde mbili inasimama. Nikapunguza ubora, wapi.

Alafu kukawa na muujiza mwingine, filamu ileile leo inacheza kesho inakwama, kwenye tivii ileile. Ilikuwa ni maandishi ya chini. Hayo ya hewani sio maandishi kweli, ni picha ndogo ndogo za maneno, kifaa kisichoyajua Jellyfin inabidi iyachome ndani ya picha, na kuyachoma ni kugeuza filamu nzima upya. Mke anapenda maandishi, mimi siyawashi, kwa hiyo ilikuwa inakwama kwake kwangu inaenda, na lawama unajua zinaenda kwa nani.

Nimekubali yaishe. Kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, Intel ya kizazi cha 6, pauni 65, hiyo ina kipande ndani cha kugeuza video bila kuchosha prosesa. Pi imebaki kurekodi tu, hii ndo inaendesha Jellyfin. Siku ya kwanza bado ilikuwa inatumia prosesa asilimia mia, kwa sababu mtumiaji wa jellyfin hakuwa kwenye kundi la render kwa hiyo haruhusiwi kugusa kadi ya picha. Mwongeze kwenye kundi, washa upya, ikashuka mpaka chini huko. Simu tatu kwa mpigo haitetemeki.

Umeme: Pi nimepima kama wati 5, hii nyingine kama 10 ikiwa imekaa. Uniti mwishoni mwa 2025 ilikuwa kama peni 26, hizo wati 15 mwaka mzima ni pauni 34 hivi. Sio bure, lakini ni miezi michache ya huduma moja ya kustrimu.

Mdogo wangu yuko Tanga kanipigia, "Kaka si unifungulie na mimi niangalie huku?" Kiufundi inawezekana. Nimemkatalia. Ruhusa ni ya matumizi ya nyumbani kwangu, ukishaanza kurushia watu nje tayari wewe ni kituo cha tivii. Kanuna siku mbili hivi.

Matumizi: pauni 65.

Jumapili, 23 Novemba: kanda za mzee jirani

Hii haikuwa kwenye mpango. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mzee, Mhindi mzaliwa wa Jinja, mmoja wa waliofukuzwa na Amin 1972 wakaishia Leicester hapa, wakati halmashauri yenyewe ya mji ilikuwa imelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije. Kiswahili chake bado kipo. Namuamkia shikamoo anaitika marahaba kwa raha zake zote. Akasikia habari ya mashine.

"Kijana, hiyo mashine yako inasoma kanda?"

"Kanda za video mzee? Haisomi, ila tunaweza kutafuta njia."

"Nina Blake's 7. Ile ya mwisho, ya 1981. Nilirekodi mwenyewe, na deki ninayo."

Blake's 7 ni ya BBC, 1978 mpaka 1981, vipindi 52, inauzwa kwenye diski picha safi kuliko kanda yoyote. Nikamwambia. Akasema anajua, anataka zake. Sawa mzee.

Kwa wanaotaka kuiga, pointi ni hizi. Kanda zake ni E-180, saa tatu kwa mwendo wa kawaida, vipindi vitatu kwa kanda. Kanda mbili zilikuwa na ukungu mweupe pembeni ya utepe, unauona kwenye kidirisha ukiinamisha. USIWEKE KWENYE DEKI. Moja niliweka kabla sijakagua, baada ya dakika picha yote ikawa mvua, vichwa vimeziba, na deki ingemwaga huo ukungu kwenye kanda nzuri zinazofuata. Kusafisha: spiriti kali ya isopropili, kipande cha ngozi laini, bana kwenye ngoma ya vichwa na uzungushe ngoma kwa mkono, kamwe usipandishe na kushusha, vichwa vinavunjika. Zenye ukungu nimezitenga kwenye mfuko.

Kijiti cha kunasia cha USB na adapta ya SCART, ile plagi pana ya deki za zamani, pauni 17 zote. Adapta ina kiswichi kidogo cha kuingia na kutoka, ikiwa upande mbaya hakuna picha na hakuna ujumbe wowote wa kukwambia, nilifungua deki bure. Picha ilipokuja juu inapinda na kila dakika kadhaa fremu zinadondoka, sauti inaachana na midomo. Kanda ya zamani mwendo wake unayumba na kijiti hakivumilii. Dawa ya mtaani ni kupitisha mawimbi ndani ya DVD rekoda ya zamani, deki inaingia, DVD rekoda inanyoosha muda, inatoka kwenda kwenye kijiti. Nimeipata duka la mitumba ya hisani pauni 8, trei ya DVD haifunguki lakini hiyo hatuihitaji. Picha ikanyooka papohapo. Pauni nane hizi ndo bora kuliko zote kwenye mradi mzima.

Nasa 720 kwa 576 ukiacha mistari ya kupishana ilivyo, alafu geuza baadaye na programu ya ffmpeg kwa kichujio cha bwdif kinachotoa fremu 50 kwa sekunde, usikubali 25. Sababu ni kwamba BBC wakati ule ndani ya studio walipiga kwa kamera za video, nje kwa filamu ya milimita 16. Za studio zina mwendo wa 50, laini kabisa, za nje 25. Ukigeuza yote 25 unaua ule mwendo wa studio na mzee aligundua mara moja, akasema "hii imekuwa kama sinema, haikuwa hivi." Nikarudia.

Matumizi: pauni 25. Mzee kaleta sambusa, sihesabu.

Jumatatu, 8 Desemba: mtihani wa HD

Jana BBC One wameanza The War Between the Land and the Sea, hiyo inayotoka kwenye ulimwengu wa Doctor Who, vipindi 5 kwa jumla na viwili vya mwanzo wamevirusha usiku mmoja. Nilikuwa shifti. Ndo ulikuwa mtihani wenyewe.

Vyote viwili vipo, picha HD safi, bloku mbovu hakuna. Kasoro mbili. Sauti ya HD hapa ni AAC ya namna ya LATM, tivii ya sebuleni ikicheza faili lenyewe haitoi sauti hata chembe, nilidhani spika zimekufa. Simu inatoa. Nimeamuru Jellyfin kwa tivii hiyo igeuze sauti tu kwenda AC3 na picha iiache, kazi ndogo sana kwa mashine. Kasoro ya pili ni kwamba vipindi vilifuatana, na ziada yangu ya dakika 15 imefanya cha kwanza kibebe mwanzo wa cha pili, ukikimaliza bila kuzima unajiharibia. Kwa zinazofuatana chaneli moja nimepunguza ziada ya nyuma ikawa dakika 3.

Jumla mpaka leo ni pauni 289, humo 12 za busta ni hasara. Bila ile kompyuta na habari za kanda ingekuwa 199, anayeangalia kwenye tivii tu asinunue kompyuta.

Kilichobaki: nakala ya pili ya diski, kwa sasa vyote viko diski moja na hiyo sio salama, nasubiri bei zishuke baada ya Krismasi. Mwongozo wa hewani unaona wiki moja tu mbele, kwa hiyo ratiba ya sikukuu nitaikagua tarehe 19. Na zile kanda mbili zenye ukungu, mzee ameuliza tena leo asubuhi, natafuta deki ya pili ya kutupa ambayo naweza kuichafua bila kujali. Aliye nayo Leicester au Loughborough anaijua namna ya kunipata, nakuja kuichukua mwenyewe.